Reli, Ubia na Mikungu ya Ndizi ya Sanje

Mwezi uliopita nilikuwa Sanje pamoja na wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu. Wageni wengi hufika hapa kwa ajili ya maporomoko ya maji yanayoshuka mita 170 kutoka milima ya Udzungwa. Sisi tulikuja kwa ajili ya reli. Kwenye ukanda huu mwembamba kati ya msitu na bonde vimebanana vijiji, mashamba ya miwa, barabara ya Kidatu hadi Ifakara na reli ya TAZARA, na mtu akiishi hapa miaka 50 ameona karibu kila aina ya ahadi ya maendeleo ikipita mbele ya mlango wake.

Tulikaa kivulini karibu na mama mmoja anayeuza ndizi. Aliwauliza vijana wanaandika nini. Mmoja akamweleza kwamba serikali za Tanzania na Zambia zimetia saini na kampuni ya China, na kwamba kampuni hiyo itaikarabati reli na kuiendesha kwa miaka 30. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akapanga mikungu yake, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, hao watakaoikodi, treni yetu ya kusimamasimama wataiacha? Maana sisi huku hatuna shaba."

Sikuwa na jibu. Makala hii ni jaribio la kulitafuta kwa njia ninayoijua, yaani kurudi nyuma na kutazama jinsi reli hii na nyingine za jirani zilivyopimwa kabla ya kujengwa au kukodishwa, na nini kiliachwa nje ya vipimo hivyo.

Wazo la reli katika bonde la Kilombero ni la zamani kuliko TAZARA. Utawala wa Kiingereza ulikwisha kulipima bonde hili katika miaka ya ishirini, na ripoti ya Telford ya mwaka 1929 kuhusu mabonde ya Rufiji na Kilombero bado inasomwa na wanaofuatilia historia ya mipango ya umwagiliaji. Mdororo wa uchumi wa dunia ukaja, mafaili yakafungwa. Wazo lilirejea kwa nguvu baada ya uhuru, safari hii likiwa na sababu iliyokuwa mbali na Kilombero kabisa. Zambia ilikuwa na shaba, na njia zake za kuifikisha baharini zilipita katika nchi za walowezi na Wareno.

Mwaka 1964 Benki ya Dunia ilihitimisha kwamba reli ya kuiunganisha Zambia na Dar es Salaam haikuwa na maslahi ya kiuchumi, na kwamba barabara ingetosha. Wanafunzi wangu hupenda kuicheka hukumu hiyo. Mimi huwazuia kidogo. Kwa mizania iliyotumika, hesabu ile haikuwa ya kijinga. Palikuwa na reli ya kusini iliyokwisha kujengwa, yenye nafasi ya kubeba shaba, na mkokotoo haukuwa na safu ya kuandikia kwamba anayeishika reli hiyo anaweza siku moja kuamua kuifunga. Novemba 1965 Ian Smith akajitangazia uhuru wa upande mmoja wa Rhodesia, na safu iliyokosekana ikajiandika yenyewe. Mwaka 1966 kampuni ya Maxwell Stamp, kwa fedha za Uingereza na Kanada, ilifanya upembuzi mwingine na kusema reli inawezekana na ina faida. Milima haikuwa imehama, wala shaba haikuwa imeongezeka ghafla. Dhana zilizowekwa juu ya ukurasa ndizo zilizobadilika.

Hapo ndipo ninapowataka wasomaji walio watumishi wa umma wasimame kidogo. Upembuzi yakinifu huonekana kama kipimo cha daktari, kana kwamba joto la mgonjwa ni lile lile kwa kila anayelipima. Kwa kweli hufanana zaidi na shauri la baraza la wazee: matokeo hutegemea sana nani ameitwa kutoa ushahidi. Chukua jambo moja tu, kiwango cha punguzo kinachotumika kuishusha thamani ya manufaa ya baadaye. Ukitumia asilimia 10, shilingi 100 itakayopatikana baada ya miaka 30 huhesabiwa leo kuwa chini ya shilingi 6. Ukitumia asilimia 5, shilingi ile ile huhesabiwa kuwa takriban 23. Uamuzi wa kuchagua 10 au 5 hufanywa na mtu mezani, na huamua kama mtoto anayezaliwa Sanje mwaka huu ana uzito wowote katika karatasi za mradi.

China ilikubali kilichokataliwa na wengine. Makubaliano yalitiwa saini Beijing Septemba 1967, ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, na reli yenye urefu wa kilomita 1,860 ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Mkopo ulikuwa takriban yuani milioni 988, bila riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Mang'ula, kusini kidogo ya Sanje, iligeuka kambi kubwa ya ujenzi. Kijiji kimoja hapa jirani kinaitwa Msolwa Stesheni, jina linaloonyesha jinsi reli ilivyoingia katika ramani ya watu na si katika ramani ya wahandisi peke yao.

Shaba ilikuja, ikaonekana kwa miaka kadhaa, kisha ikaanza kuadimika. Injini zilichoka, vipuri vilichelewa, na Afrika Kusini ilipojikomboa njia za kusini zikafunguka tena na wasafirishaji wakazirudia. Katika mwaka wa fedha 2014/15 reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilibeba chini ya tani 100,000. Kwa macho ya hazina, hadithi iliishia hapo: mradi wa kisiasa uliofeli kibiashara.

Lakini bondeni kulikuwa kumetokea jambo jingine. Watu walihamia kando ya reli, wengine kwa hiari, wengine kwa amri ya operesheni za vijiji. Wakalima mpunga na migomba, wakafungua vibanda karibu na stesheni. Treni ya abiria iliyosimama kila kituo, na treni fupi ya Kidatu hadi Makambako, ndizo zilizokuwa soko lenyewe. Mchele wa Ifakara na ndizi za chini ya Udzungwa zilipanda kwenda nyanda za juu, maharage na viazi vikashuka. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu TAZARA, alifanya jambo ambalo wachumi hawakulifikiria: alizitafuta stakabadhi za vifurushi katika stesheni na kuzitumia kama kumbukumbu ya biashara ya wanyonge. Gunia moja hapa, matenga mawili pale. Kila stakabadhi peke yake ni kitu cha kutupwa. Zikiwekwa pamoja, zinaonyesha uchumi mzima uliojengeka juu ya treni ambayo vitabu vya hesabu viliiona kama mzigo.

Na watu wenyewe waliujua uchumi huo. Katika miaka ya tisini, sera za ulegezaji wa uchumi zilipoifikia TAZARA na uamuzi ukatolewa wa kufunga vituo vidogo, wakazi wa ukanda huu walipinga kwa sauti kubwa. Hoja yao ilikuwa kwamba reli ilijengwa kwa jina lao na kwamba serikali ilikuwa imewaambia wakae kando yake. Huo nao ulikuwa mkataba, ingawa haukuwa na mhuri. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu mara nyingi tunawaandika wanakijiji kama wanufaika wanaosubiri kugawiwa, na hapa tunawaona wakidai haki kwa kutumia historia ya miaka 20 iliyotangulia.

Sasa tuje kwenye ubia. Neno hili limekuwa tamu katika hotuba zetu. Tuna Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi, Sura ya 103, ya mwaka 2010, iliyokwisha kufanyiwa marekebisho zaidi ya mara moja. Wazo lake si baya. Mtu binafsi alete mtaji na ufanisi, serikali ilete ardhi, haki na uhalali, na kila upande ubebe hatari anayoiweza kuliko mwenzake. Tatizo letu ni kwamba kwenye reli tunao ushahidi wa karibu sana, na tunausoma kwa nadra.

Zambia ilianza mapema. Mwaka 2003 iliikodisha Reli ya Zambia kwa kampuni binafsi. Haki ya kubeba mizigo ilikuwa ya miaka 20, ya kubeba abiria miaka 7. Mwaka 2012 serikali iliuvunja mkataba. Kenya na Uganda zilifuata kwa pamoja, na Rift Valley Railways ikashika reli Novemba 2006 kwa miaka 25. Uganda ilikodisha mizigo tu. Kenya iliongeza abiria, kwa muda mfupi uliokuwa sehemu ndogo tu ya ile 25. Wawekezaji wakabadilishana viti, na mwaka 2017 mkataba ukavunjwa. Tazama mpangilio huo tena. Katika nchi zote hizo tatu, kabla behewa halijasogea, waandishi wa mkataba walikuwa wamekubaliana kwamba abiria ni wajibu wa muda, wa kuvumiliwa mpaka utakapokwisha, au hayumo kabisa. Sidhani kama kulikuwa na njama. Mwekezaji aliangalia hesabu akaona tani za mizigo zinalipa na abiria wa daraja la tatu halipi, na serikali haikuwa imeandaa hesabu yake ya kumjibu.

Sisi tulikuwa na RITES. Oktoba 2007 kampuni hiyo ya serikali ya India iliingia kwenye Reli ya Kati kwa hisa 51 kwa 100, serikali yetu ikabaki na 49, mkataba wa miaka 25, mwendeshaji akiitwa TRL. Haikupita miaka minne serikali ikazirudisha hisa zile. Wengi hukumbuka migomo ya wafanyakazi ya mwaka 2008 na jinsi fedha za umma zilivyotafutwa ili kulipa mishahara ya kampuni ambayo ilidaiwa kuwa imeupunguzia umma mzigo. Wengine hukumbuka mafuriko ya Kilosa, wilaya jirani na hii, yaliyoikata njia mwanzoni mwa 2010 na kuifunga kwa miezi. Nani alitakiwa kulibeba tuta lililosombwa na maji? Mwenye miundombinu, yaani sisi. Nani alipoteza mapato treni ziliposimama? Kampuni, ambayo nusu yake karibu ilikuwa sisi.

Ila jambo ambalo mimi huwataka wanafunzi walichimbe zaidi ni lile la mabehewa. TRL ilikodi injini na mabehewa kutoka kwa RITES, mbia wake mwenyewe. Mtu anayeketi pande zote mbili za meza hawezi kupoteza: reli ikipata faida, anachukua gawio, ikipata hasara, bado anadai kodi ya mabehewa. Bungeni suala hilo lilizungumzwa kwa hasira, lakini hasira haikugeuzwa kuwa kifungu cha kudumu cha kupima ubia unaofuata. Hilo ndilo pengo letu la kitaasisi. Tunaukasirikia mkataba uliokufa, kisha tunaupokea mpya kwa vigelegele.

Ule mpya ulitiwa saini Lusaka mwishoni mwa Septemba 2025. Kampuni ni CCECC ya China. Thamani iliyotangazwa ni dola za Marekani bilioni 1.4, muda ni miaka 30: mitatu ya ukarabati na 27 ya uendeshaji, pamoja na ununuzi wa injini zaidi ya 30 na mabehewa zaidi ya 700. Novemba kazi ikazinduliwa Zambia. Upande wa pili wa bara, ushoroba wa Lobito nchini Angola umekodishwa kwa miaka 30 kwa kundi la kampuni zinazoungwa mkono na nchi za Magharibi. Shaba na kobalti zimerudi kuwa habari ya dunia, na kwa mara ya pili katika historia yake reli inayopita Sanje inapimwa kwa madini ambayo Sanje haiyaoni.

Sisemi mkataba huu ni mbaya. Reli hii ilihitaji fedha ambazo wenye mali hawakuwa nazo, na anayetaka reli iendelee kuoza ili kulinda heshima ya mwaka 1976 hajawahi kusubiri behewa. Nasema tu kwamba swali la kwanza la tathmini lisiwe kama mwekezaji atarudisha fedha yake. Hilo atalihakikisha mwenyewe, ana wanasheria. Swali la kwanza kwa mtumishi wa wizara, kwa mbunge na kwa mwanaharakati ni kama treni ya kusimamasimama imeandikwa kuwa wajibu wenye idadi. Mara ngapi kwa wiki, vituo vipi, nauli ya namna gani, kwa miaka mingapi kati ya ile 27, na faini gani ikikosekana. Kama haina faida, basi ilipiwe ruzuku waziwazi, kiasi kitajwe katika bajeti, tujue tunanunua nini. Ruzuku inayoonekana inaweza kutetewa bungeni. Huduma inayoachwa kwenye huruma ya mwendeshaji hufa bila mazishi.

Swali la pili linatokana na somo la RITES. Kampuni itakayokarabati, kununua vifaa na kuendesha ni moja. Inaweza kuwa nguvu, kwa kuwa anayejenga vibaya atateseka mwenyewe kuendesha. Inaweza pia kuwa mlango ule ule wa mtu kujiuzia. Tofauti iko kwenye uhuru wa mkaguzi na kwenye uwazi wa bei.

Na kuna gharama ambazo hazina mwenyewe mpaka zitokee. Karibu na Mang'ula, mashirika ya uhifadhi, serikali na vijiji vimefufua njia ya tembo kati ya Udzungwa na upande wa Nyerere, na barabara mpya ikawekewa kivuko cha chini kwa ajili ya wanyama hao. Treni zikiongezwa mwendo na idadi, nani atalipia tahadhari upande wa reli? Kama halikuulizwa kwenye upembuzi, litaulizwa juu ya mzoga.

Atakayenipinga atasema: barabara imekuja, mambo ya treni ya ndizi yamepitwa na wakati. Ni hoja ya kweli kwa nusu. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, iliyojengwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, Uingereza na Marekani, imebadilisha maisha. Anayekumbuka masika ya zamani kwenye tope la njia hii hawezi kubisha. Daraja la mto Kilombero, lililozinduliwa mwaka 2018, lilimaliza enzi ya kivuko na hofu yake. Lakini malori hufuata mzigo mkubwa na fedha taslimu. Mwenye mikungu mitatu hupangiwa bei na mwenye gari. Na kutoka Mlimba kupanda kuelekea Makambako, milima haijali hoja zetu. Huko reli bado ndiyo njia yenyewe.

Nilimrudia yule mama jioni, nikamwambia ukweli: sijui kama treni yake imo katika mkataba. Akacheka. Akasema, "Basi mwanangu, waulize walioandika." Nimeanza kuuliza. Wakati nasubiri, tumekubaliana na wanafunzi kufanya jambo moja lililo ndani ya uwezo wetu, kwa sababu ukarabati ukishaanza upande huu na ratiba zikishavurugika, hakutakuwa na hali ya awali ya kulinganishia. Tutahesabu. Katika siku za treni, wawili watakaa stesheni ya Mang'ula, wawili Ifakara, wawili Mlimba, kila jozi na daftari lenye safu nne: nani amepanda, amebeba nini, anakipeleka wapi, na asingepata treni angekifanyaje. Daftari la kwanza limekwisha pigwa mistari. Mwenye ndugu, rafiki au kijana wa chuo aliye likizo kati ya Mbingu na Chita, tunahitaji jozi mbili zaidi kabla ya masika.